Lori Lililouzwa Kabla ya Kunyoa

Kitale wakati wa mavuno haina nafasi ya kupumua. Siku hiyo malori yalikuwa yamejipanga kutoka ghala la nafaka hadi karibu na kituo cha mafuta, madereva wamekaa kivulini chini ya trela zao wakitafuna miwa, akina mama wakipita na sufuria za githeri, na vumbi la mahindi likiingia puani na kukataa kutoka. Ndani ya duka la spea karibu na stendi, watu walibanana kwenye kaunta, kila mmoja ameinua kipuri chake kibovu juu ili aonekane kwanza.

Mukhisa peke yake hakuwa na kipuri mkononi. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu lililopigwa pasi vizuri, kitu kilichowafanya madereva wenzake wamcheke tangu Malaba hadi Juba, na viatu vyake viling'aa licha ya vumbi lote lile. Aliposogea mbele alimkuta msichana amesimama nyuma ya kaunta, koti la kijani la kazi limefungwa juu ya gauni la manjano, kitambaa cheusi kichwani, grisi imefika viwikoni na kucha zimepakwa rangi nyekundu. Mukhisa alizitazama zile kucha na kwa muda akasahau kilichomleta.

"Boss, unanunua ama unapima kaunta?" aliuliza msichana. Jina lake lilikuwa Agneta.

"Sasa, madam. Klachi pleti ya kichwa cha trela ni pesa ngapi?"

"Trela gani?"

"Bado sijajua."

Agneta akaweka chini boksi la filta alilokuwa amelishika. "Ati hujajua?"

"Lori lenyewe sijanunua. Nataka nijue kwanza kama nitaweza kulilisha."

Watu kwenye kaunta walicheka. Agneta hakucheka mara moja. Alimwangalia kuanzia kola hadi viatu. "Wewe unauliza bei ya nepi na bibi bado hujapata."

"Hata bibi bado," alijibu Mukhisa. "Nilisema nianze na lori."

Hapo ndipo Agneta alicheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake. Alimtajia bei ya klachi, ya turbo, ya nozeli, ya matairi mapya na ya kuvalishwa upya, na kila bei ilipotajwa uso wa Mukhisa ulirefuka. Alipomaliza alimwambia, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba wengi hununua lori kwanza halafu huja kulia mbele yake. "Ukiona lolote, usilipe kabla hujanipigia. Shika namba."

Tangu siku ile simu zilianza. Mukhisa alikuwa bado anaendesha trela la mtu, anapeleka mizigo Juba na kurudi, na popote aliposimama kula alimpigia Agneta kumweleza lori aliloliona au kuambiwa. Ukweli ni kwamba mengine hakuyaona kabisa. Aliyatunga ili asikie sauti.

"Daktari wangu," angesema, "nimepata moja, linatoa moshi wa buluu."

"Linakunywa oili. Acha."

"Na moshi mweupe?"

"Mukhisa, hilo lori liko ama unanipima?"

"Liko. Linauliza kama umekula."

"Liambie nimekula. Liambie pia liendeshe polepole, huko mbele kuna mtu analingojea."

Agneta alijua afya ya kila lori la Kitale kutokana na kile wenyewe walichokuja kununua. Aliyenunua maji ya rejeta kila wiki, injini yake ilikuwa inachemka. Aliyetafuta boliti za giaboksi kwa haraka alikuwa karibu kuuza. Jumapili moja Mukhisa aliporudi alimchukua wakaenda pamoja kwa muuzaji mmoja aitwaye Muigai, nje kidogo ya mji, barabara ya Eldoret. Agneta alivaa gauni la bluu lenye vifungo hadi magotini na ndala za ngozi, na kile kitambaa cheusi bado kichwani. Lori lilikuwa jekundu, limepakwa mafuta hadi matairi, linang'aa.

"Hili ni kama jipya," alisema Muigai. "Mita yake haijafika hata laki tatu. Mwenyewe alikuwa analipeleka kanisani tu."

Agneta aliweka kiganja kwenye injini, akakiondoa. Kisha akamgeukia Mukhisa. "Ulimpigia kwamba tunakuja?"

"Nilitaka tusimkose."

"Nilikuambia nini? Ukipiga, anawasha mapema. Sasa utajuaje kama linakataa kuwaka likiwa baridi?" Alipanda ndani, akainama, akagusa pedali. "Na hii raba ya klachi imeisha mpaka chuma. Muigai, hizo laki tatu zilikanyagwa na nani, ndovu?"

Agneta alishuka, akapiga magoti kwenye nyasi bila kujali gauni, akamwonyesha Mukhisa mahali ambapo chesi, ule mfupa wa chini wa lori, ilichomelewa na kupakwa rangi nyeusi mbichi juu yake. Mita ilikuwa imerudishwa nyuma. Waliondoka wakiwa wameshikana mikono, na hakuna aliyejua nani alimshika mwenzake kwanza.

"Kilomita nyingi usiziogope," alimwambia wakiwa hotelini, chapati na maharagwe mezani. "Pesa yako haiwezi kununua lori la kilomita chache, tuambiane ukweli. Tafuta lenye kilomita nyingi ambalo mwenyewe alilipenda. Angalia grisi. Mtu anayepaka grisi mahali pasipoonekana, huyo alilipenda."

"Nani alikufundisha hivi vitu?"

"Baba. Alikuwa dereva kama wewe." Aligusa kitambaa chake. "Alituacha wakati wa kupanda. Hata bado hatujanyoa."

Mukhisa aliacha kutafuna. Alikuwa Mbukusu wa Kanduyi na aliielewa hiyo kauli vizuri. Kwa Wabukusu, kunyoa ndiko kunakofunga kifo. Siku chache baada ya mazishi waliofiwa hunyolewa nywele, ukoo unakaa pamoja, mwenye dai anadai, na mali ya marehemu inatajwa na kukabidhiwa watu wake. Kabla ya siku hiyo mali haiguswi, na anayeizungumzia anaonekana kama alikuwa akimwombea mtu afe. Lililosemwa siku hiyo ndilo hilo. Hakuna kurudi baadaye kusema nilikosea. 

"Mbona mmekaa hivyo?" aliuliza Mukhisa.

"Mayi," alisema Agneta, akimtaja mama yake, "alianguka siku ya mazishi, nyonga ikavunjika. Mpaka leo yuko hospitali Lugulu. Na si unajua huwezi kunyoa bila mjane."

"Pole, mpenzi. Mzee alikuwa na lori lake ama aliendesha la watu?"

Agneta alimziba mdomo kwa vidole vinavyonukia maharagwe. "Hayo hayaongelewi. Ngoja tunyoe."

"Sawa. Basi tuongee ya kwetu. Nikipata lori langu, Juba sirudi. Nitabeba mahindi hapa, niteremshe Webuye, niteremshe Bungoma, jioni niko nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwako, kama utakubali."

Agneta aliangalia nje ya dirisha kwa muda mrefu, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Tunyoe kwanza," alisema. "Halafu ulete wazee wako. Na uwaambie wavae vizuri kama wewe."

Sasa mimi nitakuambia kitu ambacho Mukhisa hakuambiwa. Baba yake Agneta alikuwa na lori lake, kichwa na trela, lililotembea zaidi ya kilomita milioni na bado likipanda milima ya Timboroa bila kulalamika. Mbele ya mkewe na mdogo wake, Mzee Wamalwa, alikuwa amesema kwamba lori hilo ni la Agneta, aliendeshe mwenyewe, amtunze mama na kuwasomesha wadogo zake. Neno hilo lilikuwa linangoja siku ya kunyoa litamkwe. Agneta alilibeba moyoni na kunyamaza kama alivyofundishwa, hata kwa mtu aliyempenda.

Wiki chache baadaye Mukhisa alipigiwa simu na broka wa Kanduyi aitwaye Bethwel. Kuna lori, alisema, si la kuchekesha, na bei yake utadhani mwenyewe amechanganyikiwa. Mukhisa alikwenda bila kumpigia kwanza, kama alivyofundishwa. Alilikuta nyuma ya karakana ya mbao si mbali na uwanja wa michezo, limepakwa rangi nyeupe mpya.

Aligusa injini. Baridi. Liliwaka mara ya kwanza. Alifungua kifuniko cha oili likiunguruma, na hakuna moshi uliomrukia usoni. Mita ilisema milioni na zaidi, na raba za pedali zilikubaliana nayo. Chesi haikuwa na kidonda. Alilala chini na shati lake jeupe, akapitisha kidole kwenye sahani ya kufungia trela, kwenye springi, nyuma ya magurudumu, na kila mahali kidole chake kilitoka na grisi safi. Mtu alilipenda lori hili.

"Hii ngazi ya tatu ni ya nini?" aliuliza. Chini ya mlango wa abiria kulikuwa na kidato kimoja cha ziada, kimechomelewa kwa mkono.

"Labda bibi yake alikuwa mfupi," alisema Bethwel. "Logbuku ni hii."

"Imeandikwa jina la Kimotho."

"Huyo ndiye alimuuzia marehemu. Hawakubadilisha jina, unajua watu."

"Marehemu?"

"Mwenyewe alikufa, bana. Familia inauza. Lakini wanataka iishe wiki hii, na bila kelele."

Hapa ndipo ninapomkasirikia Mukhisa, na sitamfichia. Mzungu angeweza kupita hapo bila kuona kitu. Lakini mtoto wa Kanduyi, aliyenyolewa mwenyewe babu yake alipokufa, alijua swali linalofuata. Lilikuwa swali fupi: wamenyoa? Lilifika kwenye ulimi wake kabisa. Aliangalia ile bei, akaangalia grisi kidoleni, akafikiria Juba na safari za majuma mawili bila kumwona Agneta. Alihofia jibu, akalimeza swali.

Simu yake ikaita akiwa bado amesimama pale.

"Dereva wangu, uko wapi?"

"Bungoma. Nimekuja kumwona mama." Alitaka iwe zawadi, kwa hivyo alidanganya.

"Na hiyo injini nasikia ni ya mama?"

"Ni ya jirani."

Agneta aliisikiliza ile injini. "Mwambie jirani ana kitu kizuri. Inapumua vizuri sana."

Mukhisa alicheka. Alipokata simu alimpa Bethwel mkono, na biashara ikaisha siku hiyohiyo.

Alilipeleka Kitale asubuhi ya Ijumaa. Alikuwa amelifunga utepe mwekundu kwenye kioo cha pembeni, amevaa shati jipya, amejipaka manukato hadi aliyekuwa akisimamia magari barabarani alipiga chafya. Alisimama mbele ya duka la spea akapiga honi mpaka wateja wote wakageuka. Agneta alitoka akijipangusa mikono kwenye koti la kijani. Alipomwona juu kwenye usukani alifunika mdomo kwa viganja viwili, macho yakajaa furaha.

"Umepata," alisema.

"Tumepata. Kuja ulikague, daktari. Ukikuta ugonjwa nakula hili shati."

Alizunguka mbele, akapita upande wa abiria, na hapo Mukhisa hakumwona tena. Alingoja kicheko. Hakuna. Alishuka, akazunguka, akamkuta Agneta amechuchumaa, mkono wake uko juu ya kile kidato cha tatu. Alikuwa anakikwaruza kwa ukucha. Rangi nyeupe ilibanduka, na chini yake kulikuwa na kijani.

"Nani amekuuzia hili lori?"

"Broka mmoja Kanduyi. Kuna nini?"

"Hii ngazi baba aliichomelea kwa sababu Mayi ni mfupi. Nilimshikia taa." Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko Mukhisa alivyowahi kuisikia. "Lilikuwa Webuye, kwa fundi, linangoja. Ni Wakoli. Ni kaka yangu ameliuza."

"Agneta, mimi sikujua ni la baba yako. Naapa."

"Ulijua mwenyewe amekufa?"

"Niliambiwa."

"Ukauliza kama wamenyoa?"

Wateja walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama. Jasho lilimtoka Mukhisa chini ya shati jipya.

"Mukhisa, nimekuuliza. Uliuliza?"

"Sikuuliza."

"Kwa nini?"

"Bei ilikuwa nzuri. Niliogopa nikiuliza nitalikosa, nikikosa narudi Juba. Nilikuwa nakufikiria wewe."

"Mtu wa Nairobi ningemsamehe," alisema Agneta. "Wewe ni wa kwetu. Unajua vile inafanywa. Mayi yuko kitandani Lugulu, hawezi hata kugeuka, na nyinyi wanaume mnagawana vitu vya mzee."

"Ungeniambia kuna lori, ningelijua."

"Ningekuambia aje, na hatujanyoa?"

Alimweleza basi, pale barabarani, kile alichokuwa amekificha: maneno ya baba, ahadi ya Mzee Wamalwa, kazi aliyotaka kuifanya. Wakoli alitaka siku ya kunyoa ifike na lori lisiwepo, kwa sababu kisichokuwepo hakitajwi. Machozi yalimteremka na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na grisi.

"Vile nilikufundisha kuangalia, umeangalia vizuri," alimwambia mwishowe. "Umetumia macho yangu mwenyewe kunichukulia. Enda, Mukhisa. Enda na hilo lori, watu wanangoja dukani."

Alimpigia kila siku. Simu iliita na haikushikwa. Alimtumia ujumbe, halafu mwingine, halafu akaishiwa na maneno ya Kiswahili akajaribu ya Kibukusu. Alimrudia Bethwel, na Bethwel alimwambia kwamba pesa zilishaenda kwa Wakoli na Wakoli alishazimaliza, na karatasi zote ni halali, Kimotho alishatia sahihi. Ilikuwa kweli. Mbele ya serikali lori lilikuwa la Mukhisa. Angeweza kulipakia mahindi kesho yake na hakuna askari angemsimamisha. Lakini hakulipakia hata gunia moja. Lilikaa nje ya nyumba ya mama yake Kanduyi, naye alikaa juu ya kidato kile cha tatu akitazama barabara, akikumbuka vidole vinavyonukia maharagwe. Alimpenda yule msichana kwa namna iliyomuumiza hata kumeza chakula. Alitamani arudi siku ile nyuma ya karakana ya mbao, aulize swali lile fupi.

Mayi alipotoka hospitali, siku ya kunyoa ikatangazwa. Mukhisa aliisikia kwa watu.

Boma lilikuwa mwendo mfupi kutoka Lugulu, limezungukwa na migomba na mahindi yaliyokwisha vunwa. Watu wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukodi, vichwa vya watoto wa marehemu vimeshanyolewa na kupakwa mafuta. Agneta alikuwa miongoni mwao, kichwa kitupu, gauni jeusi limefika miguuni, na hata hivyo alikuwa mzuri kupita kiasi. Mzee Wamalwa alikuwa amesimama katikati na fimbo yake akiuliza kama kuna mwenye dai, ndipo mngurumo uliposikika kwenye njia. Watu wote waligeuka. Mayi, aliyekuwa amelazwa kwenye mkeka na mito mgongoni, aliusikia kabla ya wote. Alifumba macho.

Mukhisa aliliegesha lori kando ya ua, akazima, akashuka na kuja mbele kichwa chini.

"Wazee, mimi ni Mukhisa wa Kanduyi. Hili lori nililinunua kabla hamjanyoa. Nilijua nilichopaswa kuuliza na sikuuliza. Nimelirudisha. Sitaki kitu." Aliweka funguo na logbuku kwenye kiti kitupu mbele ya Mzee Wamalwa.

Mnong'ono ulipita kama upepo kwenye migomba. Wazee waliitikia kwa vichwa. Jambo kama hili hawakuwa wameliona. Mzee Wamalwa alimtazama Wakoli, kisha akageuka kwa watu. "Kama lori limerudi, basi lina neno lake," alisema, na akalitamka neno la marehemu kama alivyolisikia: kwamba ni la Agneta, kwa ajili ya mama na wadogo.

Wakoli aliruka kwenye kiti. Alikuwa amevaa suti ya kijivu, na aibu ilimfanya awe mkali.

"Huyu ni bwana yake. Muulizeni. Bethwel ameniambia ana mchumba Kitale kwa duka la spea. Hii kitu walipanga. Anarudisha leo, anampa yeye, kesho anamuoa na lori linaenda Kanduyi. Mali ya mzee inaenda kwa boma ya watu, na nyinyi mnapiga makofi."

Kelele zilizuka. Wazee waliokuwa wakiitikia walianza kutikisa vichwa. Mmoja alisema kama ni hivyo, lori libaki kwa wanaume wa boma. Mwingine akaunga mkono. Mzee Wamalwa aligonga fimbo chini mpaka wakanyamaza.

"Kijana," alimwambia Mukhisa, "leo ni siku ya kunyoa. Unachosema hapa umesema. Kati yako na binti yetu, kuna kitu?"

Mukhisa aliinua macho. Alimwona Agneta akimtazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu Kitale, na katika macho yale hasira ilikuwa imeisha kabisa. Alikuwa amemsamehe. Ilionekana wazi kama mchana, na alikuwa anangoja ajibu. Akisema ndiyo, angeondoka na mchumba, na lori lingeenda kwa Wakoli, na huyu mama kwenye mkeka angebaki mikononi mwake.

"Hakuna," alisema Mukhisa. "Nilinunua spea kwake. Ni hivyo tu."

Fimbo ikamgeukia Agneta. "Na wewe, binti?"

Alimwangalia mama yake. Mayi alijua kila kitu. Agneta alikuwa amemsimulia kitandani Lugulu, jina, shati jeupe, vichekesho vya simu. Mama alimtazama mwanawe, na hakumsaidia kwa neno lolote.

"Hakuna," alisema Agneta.

Mzee Wamalwa alimkabidhi funguo mbele ya watu wote, na wanawake wakapiga vigelegele. Kuhusu Mukhisa waliamua kwamba Wakoli atamrudishia chake akipata, na hakuna aliyedanganyika kuhusu maana ya hilo. Walimpa kiti na sahani ya nyama. Alikula kidogo kwa heshima, akaaga, akatembea kwa miguu hadi barabara kubwa.

Alikuwa amesimama Webuye akisubiri gari la Kanduyi, jua bado liko juu, simu ilipoita. Aliliona jina, akapokea.

"Umefika wapi?" aliuliza Agneta.

"Webuye."

"Umekula?"

"Nimekula kwenu."

Nyuma ya sauti yake Mukhisa alisikia watu wakicheka, vyombo vikioshwa.

"Ungesema ukweli," alisema Agneta.

"Ungekosa lori."

"Najua."

"Na mama yako?"

"Najua, Mukhisa. Sijakulaumu. Hata Mayi hajakulaumu, amelia tu." Alivuta pumzi. "Sasa mimi na wewe tumesema, na watu wamesikia. Siku nikionekana na wewe, Wakoli atawaita wazee kabla chai haijapoa."

"Tunaweza kungoja. Mwaka. Miwili."

"Neno la kunyoa halina mwaka. Unajua vile iko."

Alijua. Alitaka kumwambia kwamba anampenda na akagundua kwamba tayari analia, mtu mzima aliyevaa shati jeupe kando ya barabara kuu, malori ya watu yakimpita.

"Utarudi Juba?" aliuliza Agneta.

"Jumatatu. Yule tajiri wa trela amekubali kunirudisha kazini."

"Endesha polepole."

"Agneta, nikupigie nikifika?"

Alipojibu sauti ilikuwa karibu sana na simu, ili wa nyumbani wasisikie.

"Usinipigie, mpenzi wangu. Ukipiga nitashika."

Akakata. Gari la Kanduyi likaja, konda akamwita mara mbili, na Mukhisa akapanda.